Nukta za Kisima cha Mlali

Jumatatu, muda wa chai ya saa nne, Emilia alikuwa peke yake ofisini kwa sababu wenzake walikuwa wamekwisha kuona asilimia mia na kuondoka. Kwenye kompyuta ya Halfani, mwandishi wa ripoti, kioo cheusi kilikuwa kimeandika kwa kijani kwamba kazi imekamilika, na mstari wa nukta ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Chini ya meza mashine ilikuwa ingali inakoroma, maana kazi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaianza. Emilia aliisikiliza huku akimenya yai la kuchemsha. Yai likaisha, chumvi ikaisha, mashine bado inakoroma.

Ofisi hiyo ilikuwa ya mradi wa kuchimba visima vijijini, na ilikuwa imepanga nyumba ya mtu Miyuji, yenye sebule, vyumba vya kutosha na jiko lililogeuzwa masjala. Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na miradi inaota mahali pake kama uyoga, kila mmoja na jina lake refu na gari lake refu. Jina la mradi huu hakuna mfanyakazi aliyewahi kulitamka lote bila kuvuta pumzi katikati. Wafadhili walikuwa wameuletea kompyuta, na mlezi wa kompyuta hizo alikuwa Emilia, binti wa Mlali, aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam kisha akarudi Dodoma kwa hiari yake. Shangazi zake walimwombea sana kwa ajili ya uamuzi huo.

Programu iliyokuwa na matatizo iliitwa Ghala. Aliitunga kijana mmoja, Anyitike, kabla hajapata kazi Gaborone na kuaga kwa soda. Kazi ya Ghala ilikuwa kutunza kila ripoti pamoja na matoleo yake yote ya nyuma, la juzi, la mwezi jana, la mwaka juzi, ili mtu akitaka kujua mradi ulisema nini zamani aone, na akitaka kulirudia la zamani alirudie. Haikuwa na picha wala madoido. Uliandika amri, "weka" au "toa" au "rudisha", ukabonyeza, kisha ukangoja huku mstari wa nukta ukikuambia kazi imefika wapi.

Tatizo ni kwamba mstari huo ulikuwa muongo. Uliruka hadi mia papo hapo, watu wakauamini, wakazima mashine wakaenda kunywa chai, na ripoti ikabaki nusu ndani nusu nje. Wiki iliyotangulia ripoti moja ilikuwa imewafikia wafadhili ikiwa na utangulizi na shukrani tu. Wafadhili waliisifu kwa ufupi wake, lakini mkuu wa mradi, Bwana Ludovick, hakupendezwa.

"Emilia, ule mstari utengeneze," alisema. "Mtu akiona mia, iwe mia."

"Sawa, mzee."

Kosa lenyewe hakulitafuta sana. Anyitike alikuwa ameihesabu kazi pale inapoagizwa, si pale inapofanyika. Mashine ikishaambiwa iandike, kwake yeye ilikuwa imeshaandika. Emilia hakuona sababu ya kumlaumu, kwa kuwa ofisi nzima ilihesabu hivyo hivyo. Mhandisi akishasaini kwamba kisima kitachimbwa, Halfani alichukua ripoti ya robo mwaka iliyopita, akafuta asilimia ya zamani, akaandika mpya, akaiweka Ghalani. Hakufanya kwa nia mbaya. Alikuwa mtu wa Kondoa, mswalihina, mwenye sauti ya upole, na kwake kupanga nako kulikuwa kazi kama kazi nyingine, tena inayochosha.

Basi Emilia akaandika upya kipande kile. Tangu sasa Ghala ilinganishe toleo jipya na la nyuma yake, ihesabu kile kilichobadilika kweli, iweke nukta kwa hicho na isiongeze hata moja ya bakshishi. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza. Ilikuwa kazi nadhifu, na aliona fahari kidogo, ile ya mtu aliyenyoosha kitanda kikanyooka.

Kwa kuijaribu alichagua ripoti ya kisima cha Mlali. Aliichagua kwa mapenzi. Kisima hicho kilikuwa kimefikia asilimia mia tangu robo mwaka iliyopita, na siku aliyoiona ile mia kwa macho yake, Emilia alimtumia mama yake salamu kwa mtu wa basi: hongereni kwa kisima, sasa mgongo wako utapumzika. Tangu azaliwe, mama yake alikuwa akichota maji kwa kufukua mchanga korongoni, na Emilia hakuwa na ndoto nyingine kubwa kuliko kumwona mama huyo akifungua bomba na kusimama tu.

Aliandika "weka", akabonyeza. Halfani alikuwa amerudi kutoka kwenye chai na andazi lake, akasimama nyuma ya kiti kutazama. Namba ilijitokeza, ikawa sifuri, ikatulia hapo. Kisha zile nukta zote za kijani zilizowekwa zamani kwa ajili ya Mlali zikalegea upande wa kulia, moja ikaanguka, ikafuatwa na jirani yake, zikapita kwenye kioo na kumwagika juu ya meza kwa mlio wa uwele unaomiminwa kwenye ungo. Ukubwa wake nao ulikuwa wa uwele. Halfani aliliinua andazi lisipate nukta.

"Zinaanguka," alisema.

"Naona."

"Za wapi?"

"Za Mlali."

"Ah," alisema Halfani, akaenda kutafuta bakuli.

Emilia akajaribu ripoti nyingine, apate kujua kama kosa ni lake. Aliweka ya bomba la Chang'ombe, ambako watu walikuwa wanakinga maji asubuhi hiyo hiyo na kugombania zamu. Nukta zilikaa imara kwenye mstari, isipokuwa chache za mwishoni, maana koki moja ilikuwa inavuja. Aliweka vijiji vingine. Vingine vilibaki na nukta nyingi, vingine kidogo, lakini hakuna kilichomwaga zote kama Mlali. Programu ilikuwa haina kosa. Mchana Tabu, mama wa usafi, alipita na ufagio, akazikusanya za mezani na za sakafuni, na bakuli la Halfani lilipojaa akaleta karai.

"Hizi ni taka au ni mali ya ofisi?" aliuliza Tabu.

Karai likawekwa masjala.

Jumatano mama yake Emilia alifika. Jina lake Anjelina, mwanamke mwembamba mwenye shingo iliyonyooka kwa kubeba ndoo, na alikuwa amevaa khanga zake za kanisani. Alisalimia kwa Kigogo na kwa Kiswahili ili kila mtu achukue inayomfaa, akapewa kiti na soda.

"Shikamoo mama. Kwema huko?"

"Marahaba mwanangu. Kwema. Salamu zako za kisima zilifika, tukafurahi sana, hata padri aliomba kwa ajili yake." Mama alikunywa soda kidogo. "Nimekuja kuuliza kiko wapi."

Emilia alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Tumekitafuta," mama aliendelea, bila hasira. "Tumetazama shuleni, tumetazama nyuma ya zahanati. Wengine wakasema labda kimechimbwa upande wa Songambele kwa makosa, vijana wakaenda, hakuna. Ndipo wakaniambia, wewe mwanao yuko kwenye ofisi yenyewe, nenda akuelekeze."

Emilia aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Alimtazama Halfani. Halfani alikuwa anachuma zabibu kwenye kikapu kilichokuwa juu ya kabati, kikapu ambacho Bwana Ludovick aliwaletea wafanyakazi kutoka shambani kwake.

"Kwani hukujua, dada?" alisema Halfani taratibu. "Mtambo wa kisima ulitoka hapa unakwenda Mlali. Ukapitia shambani kwa mzee kujaribiwa kidogo. Maji yakatoka mazuri, ikaonekana si vizuri kuuhamisha. Hizi zabibu unadhani zinanyweshwa na nini, kiangazi chote hiki?"

Emilia alikuwa amezila zabibu hizo kila zilipoletwa. Alizisifu hata, akasema hajapata kula tamu kama zile, na mbegu akazitema dirishani. Sasa alitamani angeweza kuzirudisha zote, lakini kilichokwisha kumezwa hakina amri ya kukirudisha.

Alikwenda kugonga mlango wa Bwana Ludovick. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho kwa subira, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri.

"Emilia, usichanganye mambo," alisema. "Kisima kimekamilika katika ngazi ya ripoti. Ngazi ya ardhi inafuata."

"Inafuata lini, mzee?"

"Hiyo iko kwenye mchakato." Akafunika kalamu yake. "Na ule mstari wako nimeuona. Kesho wageni wa wafadhili wanakwenda Mlali kusaini makabidhiano. Urudishe ulivyokuwa."

"Uliniambia mia iwe mia."

"Nilikuambia. Sasa nakuambia rudisha."

Emilia alirudi mezani kwake akakaa, mikono mapajani, na hakugusa kitu. Halfani alimwonea huruma, tena huruma ya ndani kabisa. Akamwomba asogeze kiti kidogo, akaandika "rudisha" yeye mwenyewe, akabonyeza. Ghala, iliyokuwa haisahau toleo lolote, hata lake yenyewe, ikalitoa la Anyitike likiwa zima. Kwenye ripoti ya Mlali namba ikaruka hadi mia. Nukta tu hazikuonekana. Mstari ulikuwa mtupu, na mia ikaning'inia mwisho wake peke yake.

"Inatosha," alisema Halfani. "Wageni hawatazami nukta. Lakini nikwambie ukweli, dada, kijiji kikishasainiwa kwamba kina maji, hakipangiwi tena. Mlali ikisainiwa kesho, ndiyo basi. Kama una dua, omba leo."

Wakati huo mama Anjelina alikuwa amemaliza soda, akatembea tembea kuiona ofisi ya mwanawe, akafika masjala akaliona karai. Alizamisha mkono ndani, akaziacha nukta zichuruzike vidoleni kama mtu anayekagua nafaka kabla ya kununua.

"Hizi nini?"

"Ndizo za kisima chenu, mama," alisema Tabu.

"Zinafanya nini huku?"

"Zimekaa tu."

"Basi zifungulieni ziende kwao."

Ilikuwa hoja ya maana, na Tabu akafungua mlango wa uani. Nukta zilipanda ukingo wa karai, zikashuka, zikajipanga msururu kama siafu na kutoka nje bila kusukumana. Mlinzi aliinua kizuizi cha geti, ingawa zingeweza kupita chini yake. Zilikata Miyuji, zikaipata barabara ya Morogoro na kushika pembeni, upande wao, kuelekea mashariki. Pale Ihumwa dereva wa lori la ng'ombe alipunguza mwendo, akapiga honi ya heshima, akaendelea. Mama Anjelina aliaga, akapanda basi la jioni, na njiani alizipita nukta zake akazipungia mkono.

Usiku ule Emilia alilala vizuri kuliko alivyotarajia. Alikuwa na tumaini, tena lenye sababu. Wageni wangefika Mlali, wangeona pori, mawe na mbuzi, wangeuliza kisima kiko wapi kama mama alivyouliza, na Bwana Ludovick angeaibika hadharani. Aibu, alifikiri Emilia, imewahi kuchimba visima vingi kuliko bajeti. Asubuhi aliomba apande gari la wageni kama mtu wa takwimu, akakubaliwa.

Msafara uliiacha lami kwenye njia panda ya Mbande, ukapita Kongwa mjini, vumbi likawa halisemeki. Katika gari la mbele walikuwapo Bwana Ludovick na kiongozi wa wageni, mama mmoja wa Ulaya mwenye kofia pana, anayejua Kiswahili cha kusalimia na cha kushukuru. Emilia alikuwa gari la pili na Halfani. Walipokaribia kijijini alichungulia dirishani, na moyo wake, uliokuwa juu tangu alfajiri, ukashuka wote kwa mara moja.

Kisima kilikuwapo. Kilikuwa katikati ya kiwanja, karibu na njia ya kwenda korongoni, mahali hasa palipochorwa kwenye ramani. Nukta zilikuwa zimefika alfajiri na kujipanga zenyewe, safu juu ya safu, zikatengeneza ukuta wa duara unaofika kiunoni, kipaa cha kuzuia jua, pampu na mpini wake, na hata kibao chenye jina la mradi, jina zima. Vyote vilikuwa vya kijani kile cha kwenye kioo na viliwaka kidogo. Watu wa Mlali walikuwa wamekusanyika kwa nguo safi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshafunga utepe.

"Umeona," Bwana Ludovick alimwambia Emilia alipokuwa akipita, kwa upole wa mtu aliyeshinda na hana kinyongo. "Nilikuambia ngazi ya ardhi inafuata."

Hotuba zilitolewa. Kwaya iliimba. Kiongozi wa wageni alikata utepe, akashika mpini, akapampu. Zilitoka nukta, nyingi, zikajaa ndoo mpya iliyonunuliwa kwa shughuli hiyo. Alizichota kiganjani akazitazama kwa karibu, akauliza ni nini.

"Takwimu," alisema Bwana Ludovick.

Mgeni aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Alikuwa ameona visima vya namna hiyo katika nchi nyingine, na hiki, alisema, kimejengwa vizuri kuliko vingi.

Hapo Emilia alishindwa kujizuia. Alipita katikati ya watu, kwaya ikiwa bado imesimama kwa mpangilio wake, akafika mbele ya meza ambapo mgeni alikuwa ameshafungua kalamu.

"Hakuna maji," alisema. "Huyu ni mama yangu, na wale ni shangazi zangu. Ukisaini, hawatapata maji tena. Mtambo wao uko kwenye shamba la zabibu."

Alisema kwa Kiswahili, kisha akasema tena kwa Kiingereza asibakize kisingizio. Mgeni alimsikiliza kwa makini sana, akamshika bega, akasema maoni ya jamii ni muhimu na ataomba yaandikwe. Akageuka kumwuliza Bwana Ludovick kama kuna awamu ya pili. Bwana Ludovick akasema awamu ya pili ipo, nayo imefikia hatua nzuri. Mgeni akasaini. Halfani, aliyekuwa na kazi ya kuandika maoni, aliyaandika yote kama yalivyosemwa, maana hakuwa mtu wa kudhulumu neno la mtu. Kisha wali ukapakuliwa.

Magari yaliondoka jua likiwa bado kali. Emilia hakupanda. Alibaki amekaa chini kando ya kisima, khanga ya shangazi mmoja kichwani, akilia kwa hasira kuliko huzuni, na kuku wa kijiji wakidonoa nukta zilizomwagika kwenye pampu. Kuku waliozila hawakudhurika. Hawakunenepa pia.

Baada ya muda wanawake walibadilisha nguo, wakavaa zile za kila siku. Wakatoka majumbani na ndoo vichwani, mmoja mmoja, wakashika njia ya korongoni kama jana. Walipofika kwenye kisima walisimama, wakazishusha ndoo na kukaa kwenye ukingo wake, chini ya kipaa. Kilikuwa na upana mzuri wa kukalia. Nukta hazikuwa za moto kama mawe, na kivuli kilitosha watu wote. Walivua kandambili wakatoa vijiwe, wakaongea habari za mgeni na kofia yake, na wakakubaliana kwamba pumziko hapo kati lilikuwa linahitajika siku nyingi.

Anjelina alisogea, akamwachia mwanawe pahali pa kukaa kando yake. Emilia akakaa. Mama akampa ndoo ndogo aishike.

"Kimesaidia," alisema Anjelina, akiupapasa ukingo. "Zamani tulikuwa tunapumzika juani."

Mama alimwacha akae mpaka pumzi yake itulie, kisha akasimama na kujitwika ndoo yake.

"Haya, inuka mama'ngu. Korongoni bado mbali."